KEF LS50 Meta kwa anayeanza hi-fi: inachokupa, inachodai, na namna ya kuipanga sebuleni

Mtu anayeachana na sabufa ya spika tano na taa za rangi, akataka sasa kusikiliza muziki nyumbani kwa makini, hupewa kwanza ushauri wa kununua vitu vidogovidogo: waya wa bei mbaya, vichujio vya umeme, viguu vya kuwekea amplifaya. Hivyo vyote vingoje. Fedha ya kwanza iende kwenye spika na jasho la kwanza liende kwenye chumba, maana hapo ndipo sauti inapopatikana au kupotea. Amplifaya mbili nzuri, zikiendeshwa ndani ya uwezo wake, ni vigumu kuzitofautisha ukiwa umefumba macho. Spika mbili hata mtoto atakuambia zinatofautiana.

Kwa msingi huo KEF LS50 Meta ni spika tunayompendekezea anayeanza bila kusita, ilimradi ajue mapema mambo matatu: haina besi ya chini kabisa, inakula wati, na ukiiweka ovyo itakuonyesha umeiweka ovyo. Ilitoka mwaka 2020 kwa bei ya takriban dola 1,500 Marekani na pauni 1,000 Uingereza kwa jozi. Wauzaji hushusha bei mara kwa mara, kwa hiyo mwenye subira hulipa pungufu. Si fedha kidogo. Lakini ukishaimiliki unaweza kubadilisha amplifaya na vyanzo vya muziki kwa miaka mingi bila spika kuwa ndiyo inayokuzuia.

Kilicho ndani ya boksi hilo dogo

KEF ilianzishwa 1961 na Raymond Cooke huko Kent, Uingereza. BBC ilipobuni spika yake ndogo ya kukagulia matangazo, LS3/5A, katika miaka ya 1970, koni zake (za sauti za kati na besi) na twita zake (vispika vya sauti za juu) zilitoka KEF. LS50 ya kwanza ilitolewa 2012 kuadhimisha miaka 50 ya kampuni na kuienzi spika hiyo ya BBC. Meta ndiyo mrithi wake.

Kila spika ina kimo cha milimita 302, upana wa 200 na kina cha 278, na uzito wa kilo 7.8. Twita ya alumini ya milimita 25 imekaa katikati kabisa ya koni ya inchi 5.25, mpango ambao KEF huuita Uni-Q na ambao wameuendeleza tangu 1988. Mpango huu una maana kubwa. Katika spika ya kawaida twita iko juu na koni iko chini. Ukiinuka kutoka kwenye kochi, sauti za sehemu hizo mbili hukufikia kwa nyakati tofauti kidogo, na kwenye masafa (viwango vya wembamba au uzito wa sauti) ambayo zote mbili zinafanya kazi baadhi ya sauti hufutana. Hapa kila kitu hutoka nukta moja. Ukikaa, ukisimama, ukisogea kiti cha pili, sauti ya mwimbaji inabaki sauti yake.

Jina Meta linatokana na kisahani kilicho nyuma ya twita. Kina vijia vingi vilivyopindapinda, vyenye urefu tofauti, kila kimoja kikimeza sehemu yake ya masafa. KEF wanasema kwa pamoja vinameza asilimia 99 ya sauti isiyotakiwa inayotoka upande wa nyuma wa twita, ambayo isipomezwa hugonga nyuma na kurudi kupitia kuba jembamba la twita, ikachanganyika na muziki. Faida yake inasikika hasa kwenye matoazi, kwenye herufi “s” za mwimbaji na kwenye nyuzi za kanuni ya taarabu: zinang’aa bila kuchoma. LS50 ya 2012 ilikuwa na ukali fulani uliochosha masikio baada ya muda mrefu. Huu hapa umeondoka.

Weka taarabu ya okestra iliyorekodiwa vizuri, yenye kanuni, udi, fidla na kodiani, na utaweza kuonyesha kwa kidole kila chombo kimekaa wapi kati ya spika mbili. Kwenye rumba, sebene inapochanganya, magitaa matatu hubaki matatu. Rekodi za zamani za muziki wa dansi, ambazo nyingi ni za mono (sauti moja ileile kwa spika zote mbili), husimama katikati kama nguzo, zikiwa na kila uzuri na kila upungufu wa studio. Hicho ndicho kipaji cha spika hii: uwazi wa sauti za kati, na picha ya sauti iliyo thabiti.

Wati: hesabu kabla ya kulipa

Ukiipa LS50 Meta volti 2.83, yaani wati 1 kwenye omu 8 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme), hutoa desibeli 85 (kipimo cha ukubwa wa sauti) ukiwa mita 1. Hiyo ni spika nzito kuiendesha. Tuseme unakaa mita 2.5 katika sebule ya kawaida: umbali utakupunguzia desibeli 5 au 6, spika ya pili itakurudishia kama 3, na utabaki na takriban 82 kwa wati 1. Kwa kuzungumza na wageni huku muziki ukiendelea, hiyo inatosha kabisa. Ila muziki uliorekodiwa vizuri una vilele, mfano ngoma inapopigwa, vinavyoweza kupanda desibeli 15 hadi 20 juu ya kiwango cha wastani. Kila desibeli 3 zinataka wati mara mbili. Desibeli 10 zinataka mara kumi. Kwa hiyo wati 40 zitakufikisha karibu 98, wati 100 karibu 102. Ndiyo maana KEF wenyewe wanataja amplifaya ya wati 40 hadi 100. Chini ya 40 usijaribu, na hasa usiamini vibandiko vya “wati 1000” kwenye mashine za bei ndogo. Tafuta maelezo yanayosema ni wati ngapi kwa kila upande, kwenye omu 8, zikifanya kazi pande zote mbili.

Amplifaya dogo lililokazwa hadi mwisho hukata vichwa vya mawimbi, na mawimbi yaliyokatwa vichwa hubeba nguvu nyingi ya sauti za juu kuliko muziki wa kawaida. Nguvu hiyo huenda kwenye twita, ikaiunguza. Twita nyingi hufa kwa amplifaya dogo lililolazimishwa kuliko kwa kubwa lililotumiwa kwa busara. Jambo la pili la kuangalia ni ukinzani: umeandikwa omu 8, lakini kwenye masafa fulani hushuka hadi 3.5. Amplifaya lisiloruhusiwa kushuka chini ya omu 6 litapata joto na kujizima.

Mapendekezo yetu ni mawili, kulingana na unavyosikiliza. Anayesikiliza kupitia intaneti na televisheni achukue WiiM Amp, iliyotoka mwishoni mwa 2023 kwa dola 299. Inatoa wati 60 kwa kila upande kwenye omu 8 na 120 kwenye omu 4, inapokea muziki kwa Wi-Fi, ina HDMI ya televisheni, ina tundu la sabufa (hapa ni spika ya besi peke yake), na programu yake ya simu hupima chumba na kurekebisha sauti. Haina sehemu ya santuri. Mwenye mashine ya santuri ataongeza kiamplifaya kidogo cha kati. Anayependa santuri, CD na vitufe vya kushika kwa mkono atafurahia zaidi Yamaha A-S501: wati 85, sehemu ya santuri ndani yake, ingizo la dijitali la televisheni, tundu la sabufa. Hiyo haina Wi-Fi, na ni kubwa na nzito.

Hapa kuna mtego wa wanaoagiza kutoka nje. LS50 Meta haina umeme ndani yake, kwa hiyo ya Marekani na ya Uingereza zinafanya kazi sawa popote. Amplifaya siyo hivyo. Lenye transfoma la kawaida lililotengenezwa kwa soko la Marekani ni la volti 120. Ulichomeke kwenye umeme wetu wa volti 230 hadi 240 nalo limekwisha. Soma kibandiko cha nyuma: kikisema 100–240V uko salama, kikisema 120V peke yake achana nalo, hata kwa bei nzuri. Kibadilisha volti cha kutosha kulibeba ni kizito, huunguruma, na humaliza ile nafuu uliyodhani umeipata.

Kuna LS50 Wireless II, yenye koni zilezile na amplifaya ndani, wati 380 kwa kila spika. Sauti yake ni nzuri sana. Hata hivyo, mahali ambapo umeme hukatika na kurudi kwa kishindo, tunapendelea spika isiyo na umeme. Amplifaya likiungua unalipeleka peke yake kwa fundi, au unanunua jingine. Spika zinabaki nyumbani zikiwa nzima. Amplifaya lako liwekee gadi ya umeme, ile inayochelewesha umeme unaporudi, maana kurudi ndiko kunakoua vifaa.

Stendi, na fundi wa kuchomelea

Spika hii isikae juu ya kabati la televisheni. Kabati hutetemeka pamoja nayo, besi inavimba, na ukuta wa karibu unaharibu picha ya sauti. Inahitaji stendi. KEF wana yao, S2, inayofungwa kwa skrubu kwenye matundu yaliyo chini ya spika. Ni nzuri lakini ghali, na kuisafirisha ni ghali zaidi. Fundi wa kuchomelea wa mtaani anaweza kukutengenezea zinazofanya kazi ileile.

Mpe vipimo hivi. Bomba la mraba la inchi 3 au 4, urefu sentimita 62. Bamba la juu sentimita 18 kwa 22, la chini 28 kwa 32, yote ya chuma cha milimita 4 au zaidi. Achomelee pande zote nne za bomba bila kuacha upenyo, na bamba la juu litobolewe tundu la milimita 20 la kumiminia mchanga, utakaloliziba kwa mpira. Bamba la chini liwe na nati nne zilizochomelewa pembeni ili uweke bolti za kusawazisha. Kwenye sakafu ya vigae weka kipande cha mpira chini ya kila bolti, la sivyo stendi itateleza na kukwaruza. Jaza robo tatu ya bomba kwa mchanga mkavu kabisa. Mchanga wa ufukweni usitumike kabla ya kuoshwa kwa maji yasiyo na chumvi na kukaushwa juani, kwa sababu chumvi yake hula chuma kutoka ndani. Juu, kati ya bamba na spika, weka vidonge vinne vya gundi laini ile ya kubandikia mabango ukutani. Spika haitaanguka kwa kusukumwa kidogo na haitatetemesha bamba.

Kwa stendi ya sentimita 62 katikati ya koni itakuwa sentimita 77 kutoka sakafuni, na sikio la mtu aliyekaa kwenye kochi huwa 90 hadi 95. Tofauti hiyo, ukiwa mita 2.5, ni digrii 3 au 4. Kwa spika nyingine ingekuwa ya kujali. Kwa Uni-Q unainua bolti za mbele kidogo na jambo limekwisha.

Chumba

Sebule zetu nyingi zina sakafu ya vigae au saruji, kuta za tofali zilizopigwa plasta, dirisha kubwa la vioo, na dari tupu. Ni chumba kigumu kwa muziki. Simama pale unapokaa, piga kofi moja kali. Ukisikia mlio wa haraka unaotetemeka kama “trrr”, sauti inarukaruka kati ya kuta mbili zinazotazamana, na hakuna spika ya bei yoyote itakayokuondolea. Zulia nene kati ya spika na kochi ndilo dawa ya kwanza. Pazia zito lenye mikunjo, lifunike kioo chote, ndiyo ya pili. Kabati la vitabu visivyopangwa kwa usawa kwenye ukuta wa nyuma yako ni la tatu. Ukifanya hayo matatu umepata zaidi ya utakachopata kwa kuongeza dola 1,000 kwenye amplifaya.

Besi ina tabia yake. Chumba cha urefu wa mita 5 huvimbisha masafa ya hezi 34 hivi (hezi ni kipimo cha masafa; zikiwa chache sauti ni nzito), na upana wa mita 4 huvimbisha 43. Chumba cha mraba cha mita 3.5 ni kibaya kwa sababu pande zote mbili huvimbisha hezi 49 kwa pamoja. Ukiegemeza kochi ukutani unakaa mahali ambapo uvimbe huo ni mkubwa kuliko pote. Ukikaa katikati kabisa ya chumba unayakosa masafa hayohayo. Sogeza kochi angalau sentimita 60 kutoka ukuta wa nyuma, mita 1 ikiwezekana.

Kisha spika. Anza na sentimita 50 kutoka mgongo wa spika hadi ukutani, mita 2.2 kati ya spika na spika, na mita 2.4 kutoka kila spika hadi kichwani pako. Pima kwa futi (utepe wa kupimia), pande zote mbili, tofauti isizidi sentimita 1. Zigeuze kidogo kuelekea kwako, ila ubaki unaona ukingo wa ndani wa boksi. Cheza wimbo wenye mwimbaji mmoja. Sauti yake isimame katikati, kwenye kimo cha uso. Ikiwa imevutwa upande mmoja, ama vipimo havilingani ama upande huo una ukuta mtupu na wa pili una pazia. Ikiwa haina mahali, imetawanyika na besi imekuwa nyembamba, umeunganisha waya wa spika moja kinyume: nyekundu iende kwenye nyekundu, nyeusi kwenye nyeusi, pande zote mbili.

Umbali kutoka ukutani una hesabu yake. Uso wa spika ukiwa sentimita 78 mbele ya ukuta (50 za nyuma pamoja na kina cha boksi), sauti ya karibu hezi 110 huzunguka nyuma, hugonga ukuta na kurejea ikiwa kinyume na ile inayotoka mbele, zikafutana na kuacha shimo kwenye sauti. Ndiyo maana sauti ya kiume wakati mwingine hukosa kifua. Sogeza spika sentimita 10 kwa wakati, usikilize, na usiache umbali wa ukuta wa nyuma ulingane na wa ukuta wa pembeni, kwa kuwa mashimo mawili yataangukia mahali pamoja. Kama chumba hakikuruhusu zaidi ya sentimita 20, tumia sponji za kuzibia tundu la hewa lililo nyuma. Zina vipande viwili, cha nje na cha ndani: ukiweka cha nje tu unaziba kiasi, ukiweka vyote unaziba kabisa.

Upimaji wa chumba kwa simu ufanye mwisho, baada ya zulia, pazia na futi. Uruhusu urekebishe chini ya hezi 400 tu, na uruhusu upunguze uvimbe, usijaze mashimo. Shimo linalotokana na mawimbi kufutana halijazwi: ukiongeza desibeli 6 unataka wati mara nne, koni inahangaika, na shimo linabaki.

Waya na vyanzo vya muziki

Waya wa spika uwe wa shaba tupu, wa nyuzinyuzi, milimita za mraba 2.5. Kwa urefu wa mita 3 ukinzani wake, kwenda na kurudi, ni karibu omu 0.04, kitu ambacho spika ya omu 3.5 hadi 8 haikihisi. Zaidi ya hapo unalipia ganda. Hatari iliyopo madukani ni waya wa alumini uliopakwa shaba: ukwangue kwa kisu, ukiona weupe ndani urudishe. Menya milimita 12, sokota nyuzi zote, usiache hata moja itoke nje, kwa sababu unyuzi mmoja ukigusa upande wa pili unaweza kuua amplifaya. Wanaoishi Mombasa, Tanga au Unguja watumie plagi za banana zenye dhahabu na wazichomoe kuzifuta kila baada ya miezi michache. Hewa ya chumvi hufanya ukungu wa kijani kwenye shaba, na spika huanza kukatakata.

Kuhusu muziki wenyewe, Bluetooth itumike na wageni tu. Programu za muziki zisizopunguza ubora, kama Apple Music tangu 2021 na Spotify tangu 2025, zipelekwe kwa Wi-Fi moja kwa moja kwenye amplifaya. Anayenunua bando ahesabu: wimbo wa kbps 320, yaani uliopunguzwa ubora, hula takriban MB 144 kwa saa, ubora wa CD, baada ya kufinywa bila kupoteza kitu, hula kati ya MB 350 na 450. Faili za 24/192, zilizo juu ya ubora wa CD, hula mara kadhaa ya hapo, na katika sebule hii hutasikia tofauti yake na CD. Kama bando ni tatizo, jaza flashi kwa faili za FLAC (zisizopunguza ubora) na uichomeke nyuma ya WiiM.

Muungurumo wa hezi 50 ukisikika mara tu unapounganisha kompyuta au dishi la televisheni, chanzo ni njia mbili za ardhi (waya za earth). Chomeka vifaa vyote kwenye soketi moja ya ukutani, na kwa televisheni tumia waya wa mwanga (optical) badala ya waya wa kawaida. Mwanga haubebi umeme, muungurumo unakatika.

Besi ambayo haipo

Kwa vipimo vya KEF spika hii hushuka hadi hezi 79 ikiwa sawasawa, na kufikia 47 ikiwa imepungua desibeli 6. Ukuta wa nyuma huisaidia kidogo. Gitaa la besi la rumba linasikika vizuri na lina umbo. Besi ya amapiano haitatikisa kifua chako, na ukijaribu kuilazimisha kwa kupandisha ekwalaiza utaona koni ikichapuka huku sauti ya mwimbaji ikianza kukwaruza. Sababu ni ya kimaumbile: masafa yakishuka nusu, koni hutakiwa kusafiri mara nne zaidi kutoa sauti ya kiwango kilekile, na koni ya inchi 5.25 haina safari hiyo.

Asiyeridhika aongeze sabufa iliyofungwa, isiyo na tundu, ya inchi 10, na aweke mpaka kwenye hezi 80 kwa namna ambayo spika nazo hazipewi kitu chini ya hapo. WiiM inaweza kufanya hivyo kwenye programu yake. A-S501 hutoa sauti ya sabufa bila kuwapunguzia mzigo LS50. Kutafuta mahali pa sabufa, iweke kwanza pale unapokaa, cheza besi inayotembea noti kwa noti, tambaa kando ya kuta ukisikiliza. Pale ambapo noti zote zinalingana ndipo sabufa inapohamia. Kiwango kiwe kile ambacho ukiizima unaikosa, ukiiwasha huioni.

Kuishi nayo, na kuinunua

Boksi haliji na kifuniko cha mbele. Kinauzwa peke yake, na mwenye watoto akinunue siku hiyohiyo, kwa kuwa alumini ikibonyea hairudi. Vumbi liondolewe kwa brashi laini kavu. Ukisafiri kwa wiki kadhaa, ziba tundu la nyuma kwa zile sponji: mijusi hupenda kutagia humo. Mende nao hupenda joto la amplifaya, na mmoja akifia juu ya sakiti anatosha kuunganisha visivyopaswa kuunganishwa. Liache amplifaya wazi lenye nafasi ya sentimita 10 juu yake, usilifungie kabatini.

Haifai kwa kila mtu. Mwenye ukumbi wa mita 7 kwa 9, au anayetaka muziki wa sherehe, anunue spika kubwa za kusimama chini zenye desibeli 90 na zaidi. Mwenye dola 700 kwa mfumo mzima asijikamue. Achukue spika za bei ndogo zaidi, stendi za fundi, zulia, na WiiM, naye atasikia muziki vizuri kuliko mwenye LS50 Meta juu ya kabati la televisheni.

Ukiagiza, ongeza kwenye bei usafiri wa boksi la kilo 16 na zaidi, ushuru wa forodha, na VAT, ambayo ni asilimia 16 Kenya na 18 Tanzania Bara. Mara nyingi bei ya mwenye duka la hapa, pamoja na dhamana yake, huwa haiko mbali. Ukinunua iliyotumika, hakikisha muuzaji anaziita Meta na ndani yake kuna Meta: maandishi ya modeli na namba ya spika vipo nyuma, kwenye kila spika, na LS50 ya 2012 haiwezi kugeuzwa kuwa Meta baadaye. Nenda na simu yenye programu ya kutoa sauti za masafa. Pitisha polepole kutoka hezi 50 hadi 300 kwa sauti ya chini, spika moja moja, sikio likiwa karibu. Mkwaruzo au mlio wa bati ni koili inayosukuma koni iliyogusa sumaku. Kisha hezi 5,000 na 10,000: zikitoka upande mmoja na si wa pili, twita imeungua, na bei ya kubadilisha Uni-Q nzima itoe kwenye bei anayotaja kabla hujatoa hata shilingi ya kwanza.